Zaburi ya Mama Wanjugu

Landhi za Reli,
Nakuru.
Jumamosi, 20 Novemba 1954

Kwako dada yangu Nasimiyu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote, bila kumsahau mama mkwe wako, ambaye najua atataka asomewe barua hii, na ambaye nakuomba sana usimsomee. Mguu unaendeleaje? Katika barua yako ya Septemba ulisema uvimbe umepungua, na katika ile ya Oktoba hukuutaja kabisa, nami ninavyokujua, usipoutaja ndipo unapouma. Tafadhali nenda hospitali ya misheni, usikae hapo ukikandwa na majani kila jioni. Mvua imeshuka vizuri huko? Huku imekuja kidogo ikaondoka, na upepo unatupuliza vumbi jeupe la ziwani mpaka ndani ya sufuria. Afya yangu haina ubaya wa kumpelekea daktari. Nakula kidogo, nakwenda kazini, narudi.

Najua umekasirika. Barua mbili bila jibu si heshima kwa mtu aliyenibeba mgongoni. Usidhani zilipotea njiani. Zote ziko hapa chini ya mto, na ile ya pili nimeikunja na kuikunjua mpaka imekatika vipande vinne. Unasema wazee wa kanisa wamekaa, wakakubaliana kwamba mimi ndimi niwe mwalimu wa nyimbo katika lile kanisa jipya la mabati, nije Krismasi niombewe mbele ya watu. Unasema hakuna hata mmoja aliyepinga. Na unasema mzee mmoja alisimama akawaambia wenzake kwamba Zakayo alifiwa akapondeka, lakini zaburi zimemwinua, na moyo wa namna hiyo ndio unaotakiwa kuwaongoza wengine. Dada, hapo kwenye neno moyo ndipo karatasi ilipokatikia.

Nitakujibu. Lakini siwezi kujibu kabla sijakueleza habari za Mama Wanjugu. Unamkumbuka huyo. Ni yule mama wa Kikuyu, mrefu, mwenye pengo mbele, aliyekuja kukaa nawe tulipomzika mke wangu Nabwile, akakuvua viatu na kukuosha miguu kwa maji ya moto bila hata kukuuliza jina. Siku ya kwanza uliniambia huyu mama ana wazimu kidogo. Siku ya kuondoka ulimng'ang'ania pale stesheni ukilia mpaka garimoshi likakaribia kukuacha.

Mama Wanjugu yuko ndani. Walimkamata mwezi wa Agosti, wakamweka hapa mjini wiki tatu, halafu wakampeleka kambi ya wanawake, mbali, na ukiuliza ni wapi unaulizwa wewe ni nani kwake. Hajasimama mbele ya hakimu. Amefungwa tu. Umri wake umepita sitini, na kifua chake unakijua, hata wakati ule alikuwa akikohoa akishika ukuta. Na yuko mtu hapa Nakuru ambaye akienda kusema maneno machache, huenda wakamfungulia. Hiyo ndiyo habari yenyewe, dada. Mengine yote nitakayoandika ni njia ya kuifikia.

Lazima nianzie kwa Nabwile, ingawa sipendi. Uliporudi nyumbani baada ya matanga uliniacha nikisema nitajikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nalala na viatu. Kazini niliandika magunia ya mahindi ya Eldoret yakaenda Naivasha, na karani mkubwa akaniita akaniambia anajua nimefiwa na mke na mtoto ambaye hata hakuzaliwa, lakini mahindi hayajui. Kanisani sikwenda. Nilimwambia mchungaji kwamba Mungu akinitaka anajua namba ya chumba changu.

Mama Wanjugu siku hizo alikuwa akifua nguo kwa memsahibu mmoja wa Kizungu kule Milimani, na jioni akipita huku landhi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, na karai la viazi. Basi akasimama mlangoni pangu. Hakusema pole. Alitazama ndani, akaona Biblia ya marehemu nimeiwekea taa ya mafuta juu yake, akaingia, akaitoa taa, akaifuta Biblia kwa leso yake, akanipa, akaniambia nimsomee zaburi. Nikamwuliza ipi. Akasema yoyote, zote ni za watu wenye shida. Nikafungua nikasoma kwa sauti ile ninayosomea mizigo. Akaniambia rudia. Nikarudia mara saba, dada, nikiwa na hasira kabisa, na ile mara ya saba akafumba macho akaanza kuyaimba yale maneno kwa tuni ambayo sijawahi kuisikia. Baadaye aliniambia ni tuni ya kupalilia pareto kule Subukia, walikokaa na marehemu mzee wake kwenye shamba la Mzungu miaka ishirini. Nililia jioni ile kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Yeye akachukua karai lake, akasema viazi havijiuzi vyenyewe, akaenda zake.

Akawa anakuja kila Jumatano na Jumapili. Siku moja nikamwambia zaburi hizi zinanichosha, maana zote zikilia mwanzoni zinashukuru mwishoni, na mimi sina la kushukuru. Akaniambia nitafute isiyoshukuru. Nikatafuta ili nimshinde. Nikaipata ya themanini na nane, ambayo inaanza gizani na kuishia gizani, bila ahadi hata moja. Nilimsomea nikidhani nimemkomesha. Akasema mtu aliyetupwa kabisa hasemi hata hayo, hunyamaza, na huyu bado anagombana na Mungu kila siku asubuhi, kwa hiyo bado wako nyumba moja. Akasema hiyo basi ndiyo yangu, niishike. Nimeishika mpaka leo.

Ndivyo ulivyoanza ule mtindo wetu. Obura alikuja, yule fayamani anayechochea moto wa injini, jirani yangu wa ukuta, ambaye sauti yake ya chini hutikisa vikombe. Akaja Jepkoech anayefagia wodi hospitalini, na wengine kutoka Bondeni na mashamba ya karibu, Wakikuyu wengi, mpaka tukafika ishirini na wawili. Mchungaji alitukubalia. Kila aliyeingia alisikiliza majuma kadhaa mpaka zaburi moja imkamate, na hiyo ikawa yake. Akifiwa, akifukuzwa kazi, akiumwa, sisi wengine tunakwenda mlangoni kwake tunaimba ile yake, si nyingine, hata kama hatuipendi. Hatuhubiri, hatuombi chai. Tunaimba na kuondoka. Usicheke, lakini nimeona mtu mzima aliyekuwa amefunga mlango siku mbili akifungua kwa sababu ameisikia namba yake.

Ya Mama Wanjugu ni ya hamsini na sita, ile inayosema machozi ya mtu yamewekwa katika chupa ya Mungu. Yeye amezika watoto wanne. Obura alikuwa akimtania, akimwuliza ni chupa gani hiyo, ya soda au ya mafuta taa, naye anajibu kwamba yake yeye ni pipa la reli, na Obura mwenyewe ndiye atakayetumwa kulisukuma. Kanisani alikaa kiti cha mbele, kitabu chake cha zaburi kimefunguka mikononi, akiimba kwa kujivuna kabisa. Alikinunua kwa viazi vyake, na alikifunga kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Na kwa kuwa namba zilikuwa nyingi na watu wanasahau, lilikuwepo daftari. Jina la mtu, na mbele yake namba ya zaburi yake. Gathoni 42. Obura 130. Jepkoech 121. Hivyo hivyo kurasa mbili nzima, hakuna neno jingine.

Unajua yaliyofuata katika nchi hii, sina haja ya kukueleza Hali ya Hatari. Mwaka jana Wakikuyu wa mashamba walipakiwa kwenye malori na mabehewa wakarudishwa kwao, hata waliozaliwa hapa na ambao kwao kwingine hawakujui. Sisi tulio kazini tuliwaona wakipanda na kuku na vitanda. Kumi na watatu wa kundi letu waliondoka hivyo katika miezi minne. Tuliwaimbia kila mmoja yake, polepole, askari wakidhani ni nyimbo za kuaga. Mama Wanjugu alibaki kwa sababu ya barua ya memsahibu wake. Majina ya walioondoka hayakufutwa daftarini. Mtu akifika mbali, namba yake inabaki kuwa yake, ndivyo tulivyoona. Haikuingia akilini mwetu kwamba orodha ya majina ya Kikuyu yenye namba pembeni, katika mwaka kama huu, ni kitu cha kutisha kuliko bunduki. Wajinga wa namna hiyo tulikuwa sisi tu.

Jumapili ya tarehe kumi na tano Agosti tulikuwa saba chumbani kwa Obura, saa tisa mchana, wakaingia. Askari wanne, mkalimani, na ofisa mmoja kijana mwenye uso uliobabuka jua. Wakatutoa nje, wakatupanga ukutani, wakapekua. Daftari likaonekana ndani ya kiondo cha Mama Wanjugu. Wakauliza ni la nani, akasema ni lake. Wakauliza namba ni za nini, akasema ni nyimbo, wakacheka. Kwao wao ilikuwa orodha ya watu waliokula kiapo cha waasi wa msituni, na hesabu ya kitu gani sijui, risasi au siku. Wakamchukua. Akiwa juu ya lori alitugeukia, akatuomba tumwimbie ya kwake. Mimi ndiye ninayeanzisha siku zote. Siku hiyo sikuianza. Jepkoech ndiye aliyeianza, juu mno, sauti ikimvunjika, na lori likaondoka hatujafika kwenye chupa.

Baada ya hapo tuliendelea kukutana, wanne, mara watatu. Watu wa kanisani waliniona nimekonda, wakanihurumia. Mchungaji alinishika bega mbele ya ibada akasema tumwangalie ndugu Zakayo, amepoteza mke na sasa amepoteza mama. Nikainamisha kichwa. Nadhani habari hizo ndizo zilizofika huko kwenu zikawafanya wazee wanichague. Nami nilikimbilia zaburi kama nilivyofundishwa. Niliziimba asubuhi nikinyoa, niliziimba ghalani nikihesabu mizigo, na kwa muda zilinituliza. Kusema kweli zilinituliza kupita kiasi. Mtu anaweza kujilaza katika maneno yale akasinzia, akafikiri ule utulivu ni msamaha.

Halafu Jumapili moja ya mwezi uliopita nikafungua bila kuchagua, nikaangukia ya hamsini na tano. Nikaanza kuimba, Obura akapokea. Unaijua inakoelekea. Mwimbaji analia kwamba kama ni adui aliyemtenda vile angevumilia, lakini ni mwenzake, rafiki yake, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani kwa Mungu. Miaka miwili nimeiimba ile zaburi nikijiweka mahali pa yule anayelia. Siku hiyo, katikati ya mstari, nikajua kwamba katika wimbo ule mimi si yeye. Mimi ni yule mwingine. Nikaacha kuimba. Obura aliendelea peke yake mistari miwili, kisha akanigeukia akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni jino. Tangu siku ile sijaimba tena, dada, hata nikiwa peke yangu.

Sasa nisikilize. Juu hapo nimeandika kwamba lilikuwepo daftari. Nimerudia kusoma nikaona nilivyoandika, lilikuwepo, utadhani liliota lenyewe chini ya kitanda. Lile daftari ni langu. Nililinunua kwa Mhindi wa karibu na soko, na kila jina na kila namba ndani yake niliandika mimi kwa wino wa ofisini. Mwisho wa Julai walinipeleka stesheni ya Molo kushika nafasi ya karani mgonjwa kwa siku kumi na nne, nikampa Mama Wanjugu anitunzie, ili Obura aweze kulitazama nisipokuwepo. Nilirudi Ijumaa. Jumapili nilikuwa sijalichukua bado.

Na lingine. Mama Wanjugu hajui kusoma. Hajui hata herufi moja. Kwa nini nilirudia mara saba jioni ile ya kwanza? Aliniambia macho yamechoka, nami nikaamini karibu mwaka mzima, mpaka akaniambia mwenyewe kwa aibu kubwa kwamba zaburi zote alizonazo amezishika kwa masikio. Kitabu kile cha kitambaa cheupe alikishika wazi kanisani ili wale wanawake wa kiti cha mbele, waliosoma misheni, wasimdharau. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote. Nikaahidi. Hapa mjini anayelijua hilo ni mimi peke yangu.

Sasa turudi ukutani. Mkalimani aliuliza daftari hili ni la nani, na alitutazama sote, si yeye tu. Mama Wanjugu alikuwa mkono wangu wa kulia. Alinigeukia. Hakuonyesha kitu usoni, alinitazama tu akingoja, wala hakungoja kidogo, dada, tungeweza kuimba aya nzima. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ndipo akasema, "Ni changu. Ni kitabu changu cha nyimbo."

Wakampa wakamwambia basi asome. Alilishika kama anavyoshika kitabu chake kanisani, akalifungua, akaimba ya hamsini na sita yote kwa moyo, macho yakitembea kwenye karatasi. Ofisa alikuwa mbele yake anaona jalada tu. Mimi nilikuwa kando yake, nikaona. Ukurasa alioufungua haukuwa na kitu. Ulikuwa mweupe kabisa.

Alipomaliza, yule ofisa alinijia mimi, kwa sababu nilivaa koti la reli na kalamu mfukoni. Aliniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe karani. Hii ya mama, kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ni yake."

Sikupigwa, wala sikutishwa. Niliulizwa mara moja nikajibu mara moja.

Miezi mitatu nimejitetea kila namna. Nimesema nilimwahidi, na kuifichua siri yake mbele ya Obura na askari kungekuwa kumvua nguo. Nimesema alijivuna mwenyewe, angekiri hajui kusoma wangemwacha. Nimesema huenda alitaka kunilinda, na nikijitokeza nitakuwa nimeharibu zawadi yake. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote kwa sababu huenda ni kweli. Sijui kilichomo moyoni mwake. Sijui kama alinilinda au aliona haya. Ninalojua ni kwamba lile daftari wanalo, na mwandiko wangu umejaa katika vitabu vya ghala la reli, na askari yeyote anayeweza kutazama ataona ni mkono mmoja. Na ninajua kwamba wakimpa yule mama penseli waseme andika jina lako, itakuwa imekwisha. Hakuna anayewaambia wampe penseli.

Nimekwenda kule ofisini kwa yule ofisa mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwenye lango, askari akaniuliza shida yangu, nikasema nimepotea njia. Karani wa reli wa miaka tisa Nakuru hii, nimepotea njia! Mara ya pili nilifika mpaka kwenye benchi la ndani. Nilikaa na watu wengine nusu saa, jina langu likakaribia, nikainuka nikatoka, nikaenda kununua sabuni. Ilikuwa Jumatano iliyopita. Siku hiyo hiyo jioni Jepkoech akaniambia kwamba amekutana hospitalini na mwanamke aliyefunguliwa kutoka kambi ile, akamwuliza habari za Mama Wanjugu. Mwanamke alisema yuko hai, anakohoa damu, na kila jioni anawaimbia wenzake, na wameshika zaburi kumi na moja kwake. Jepkoech alinieleza akifurahi. Alidhani ananipa faraja.

Kuna ile zaburi inayouliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika majibu yake mna huyu: mtu anayeapa hata kwa hasara yake mwenyewe na habadili. Sijawahi kuwa mtu huyo. Nimejaribu kuapa peke yangu chumbani, na umeona jinsi viapo vyangu vinavyoishia dukani kwa sabuni. Kwa hiyo naapa kwako, kwa wino, upate kukishika kiapo changu mkononi. Jumatatu saa mbili nakwenda. Nitawaambia daftari ni langu na nilisema uongo, nitawaomba wampe yule mama penseli, nami wanifanye watakavyo. Huenda wakanifunga mahali pake, huenda wakatufunga wote wawili. Kazi ya reli itakuwa imekwisha kwa vyovyote. Naogopa sana, dada.

Waambie wazee siwezi. Wamchague mwingine, hata asiyejua tuni. Wakikuuliza sababu, wewe ndiye mkubwa, utaona lipi la kusema. Ng'ombe wangu mwekundu aliye kwako ni wako tangu leo. Nguo za Nabwile ambazo nilikataza zisiguswe, wagawie wasichana. Msalimie shemeji. Wasalimie watoto kwa majina yao wote sita, na yule mdogo umwambie mjomba alimwazia siku zote. Na ukiweza, jioni moja ukiwa jikoni, imba ile ya hamsini na sita kwa tuni yoyote unayoijua. Si kwa ajili yangu.

Posta wanafunga saa sita, na naipeleka mwenyewe sasa hivi, isije ikalala hapa mpaka kesho nikaichana. Kimya changu kikiwa kirefu, usilie wala usitume mtu kuniulizia. Hicho kimya kitakuwa kizuri. Lakini ukipokea barua nyingine kutoka hapa landhi, kwa mwandiko huu wangu, ikikuambia kwamba mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri, ujue sikwenda.

Ni mimi mdogo wako,
Zakayo Masinde